Mandhari ni ya Nani? Matembezi, Vinu vya Upepo na Maadili ya Kutazama

Katika uhakiki wetu neno mandhari limezoeleka mno hata halishtui tena. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba mandhari ni mahali na wakati wa matukio ya hadithi. Huyaandika hayo katika daftari lake, kisha akaendelea na wahusika na dhamira. Ni nadra aulizwe neno lenyewe limetoka wapi na limekuja na mzigo gani. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutazama. Ni ndugu wa nadhari, yaani mazingatio, na wa nadharia, ambayo wengi wetu tunaila mkate wake. Mandhari basi si mahali tu. Ni mahali palipotazamwa, na penye kutazamwa pana mtazamaji, na mtazamaji kwa kawaida husimama kando. Tofauti kabisa ni neno mazingira, lenye mzizi wa Kibantu: kuzinga, kuzingira. Mazingira hayako mbele ya mtu; yamemzunguka pande zote, naye yumo ndani yake kama kokwa ndani ya embe. Mtu hawezi kuyapa mgongo mazingira yake. Mandhari aweza kuipa mgongo akarudi nyumbani kunywa chai.

Tofauti hii ya maneno mawili ndiyo itakayotuongoza katika swali la makala haya, ambalo ni la kimaadili kabla ya kuwa la kiuhakiki: mpita njia ana haki gani juu ya uzuri wa mahali asipoishi? Swali hili limekuwa zito nchini Kenya tangu vilima na mabonde tunayoyaendea kwa matembezi yalipoanza kuota mitambo ya kuvuna upepo, maji na jua. Wapo wanaosema kwamba mitambo hiyo inaharibu sura ya nchi. Wapo wanaowajibu kwamba sura ya nchi haimwashii mtu taa. Tunadhani pande zote mbili zimepotea, na zimepotea katika njia moja. Zote zinauchukulia uzuri kuwa kitu kilichoko huko nje, mfano wa rangi ya ukuta, ambacho ama kimechafuliwa ama hakina faida.

Tuanze na Milima ya Ngong, katika Kaunti ya Kajiado, ambayo wakazi wengi wa Nairobi huipanda siku za mapumziko. Njia ya mgongo wa milima hiyo hutoka upande wa mji wa Ngong ikaelekea kusini hadi Kona Baridi, ikipanda na kushuka kilele baada ya kilele, na kilele kirefu kuliko vyote kinafika kama mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Mtembezi akigeuza uso mashariki anauona mji mkuu umelala katika ukungu wake. Akigeuka magharibi anaiona ardhi ikiporomoka kuingia Bonde la Ufa. Upepo haulali huko. Ndiyo maana mwaka 1993 vinu viwili vya kwanza vya umeme wa upepo vilisimikwa pale kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji, vikiwa na uwezo wa takriban kilowati 350 kwa pamoja. Vilivyofuata ni vikubwa na vingi zaidi: kampuni ya KenGen ilisimika vinu vya kilowati 850 kila kimoja, sita vya mwanzo vikianza kazi mwaka 2009, hadi kituo kikafikia uwezo wa megawati 25.5. Duara la mapanga ya kinu kimoja lina kipenyo cha mita 52. Aliyesimama chini yake husikia mvumo unaokuja na kuondoka kama pumzi ya mnyama mkubwa aliyelala, na kivuli cha panga hupita juu ya nyasi, juu ya ng'ombe, juu ya mtembezi mwenyewe, kisha kikarudi.

Lalamiko la kawaida ni kwamba vinu vimeingilia mahali palipokuwa safi. Lakini usafi huo una historia, na historia hiyo kwa sehemu kubwa ni ya kifasihi. Jina Ngong lina asili ya Kimaasai, na kwa wafugaji waliosukumwa kusini kwa mapatano ya mwaka 1904 na yale ya 1911 milima ile ilikuwa malisho, chemchemi na njia za mifugo. Aliyeifanya kuwa mandhari, kwa maana kamili ya neno, ni Karen Blixen, ambaye kitabu chake cha mwaka 1937, Out of Africa, kinaanzia kwenye shamba lililo chini ya milima hiyo, na kutoka hapo kinaitazama nchi kwa mbali na kwa juu. Filamu iliyotokana na kitabu hicho mwaka 1985 iliusambaza mtazamo huo ulimwenguni. Denys Finch Hatton alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1931 alizikwa kwenye mteremko wa milima ile, mahali palipopendwa kwa sababu ya kinachoonekana kutoka hapo. Baadaye mnara ukasimamishwa juu ya kaburi. Hatujapata kumsikia mtu akilalamika kwamba mnara ule umeharibu sura ya mlima. Hatuutaji kwa kejeli, kwani marehemu ana haki ya alama yake. Tunachosema ni kwamba mlima uliokwisha kubebeshwa kaburi lililochaguliwa kwa ajili ya mandhari, pamoja na kitabu na filamu, si mlima mtupu uliovamiwa ghafla na chuma.

Kuna atakayetujibu kwamba historia ya macho si hoja. Kwamba jambo laweza kuwa na asili ya kikoloni na bado likawa jema. Tunakubali. Kijana wa Dagoretti anayepanda Ngong Jumamosi hampandii Blixen. Anapanda kwa sababu wiki nzima amefungiwa baina ya kuta, na kifua chake kinataka hewa. Haja hiyo ni ya kweli, na maadili yasiyoitambua yatakuwa maadili ya watu wasio na miili. Kwa hiyo itatubidi tuyachunguze matembezi yenyewe.

Kiswahili kina tahadhari ya ajabu juu ya mtu atembeaye. Kwenda kwa miguu ni jambo moja; kutembea ni jingine. Aendaye kwa miguu ana aendako. Atembeaye huenda anazuru jamaa, huenda ananyoosha miguu tu, na huenda, kama tusemavyo juu ya ndoa za watu, anatembea nje. Methali husema mtembezi hula miguu yake, na chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata neno tamasha, ambalo siku hizi tunalitumia kwa ngoma na maonyesho ya shule, limetufikia kutoka katika Kiarabu na Kiajemi, na chanzo chake ni kutembea pamoja kwa ajili ya starehe. Watu walitoka kutembea, wakaona, na kilichoonwa kikachukua jina la mwendo. Lugha imehifadhi hapo jambo ambalo wanafalsafa wa urembo wametumia kurasa nyingi kulieleza: mwendo usio na haja ndio unaoigeuza nchi kuwa onyesho. Mama atokaye mtoni na mtungi kichwani huwa anaijua njia kwa nyayo zake, akajua jiwe gani linateleza na kona gani ina siafu. Ukimwuliza kama njia hiyo ni nzuri atakujibu habari ya jiwe.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mama huyo hana jicho la uzuri. Huo ni upuuzi ambao wasomi wetu wameurithi kutoka kwa wasafiri wa karne ya 19, walioamini kwamba mwenyeji huitumia nchi na mgeni huiona. Katika misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo mwaka 2008 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, mwendo umewekewa taratibu: pana njia zinazopitwa na zisizopitwa, na miti isiyoguswa. Utaratibu huo ni wa kidini, lakini ni wa kiurembo pia, kwani unamlazimisha mtu apapokee mahali kwa adabu kabla ya kupafurahia. Kinachomtofautisha mwenyeji na mtembezi ni kwamba furaha ya mwenyeji ina deni.

Hapa methali nyingine inatufaa zaidi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuinukuu kwa wageni wanaochelewa kuondoka, lakini ndani yake mna kanuni ya haki. Mgeni wa siku mbili hana jembe, na kwa sababu hiyo hana sauti katika baraza la shamba. Anaruhusiwa kusifu. Si adabu alalamike kuhusu pa kupandwa mihogo. Akilishika jembe mambo hubadilika. Sasa amekuwa mtu wa pale kwa kiasi cha jasho lake, na neno lake lina uzito kwa kiasi hicho hicho. Tukiipeleka kanuni hii Ngong tunapata jibu lisilowapendeza watembezi wala wahandisi. Mkazi wa Nairobi anayelalamika juu ya vinu huku friji yake inakula umeme uliopita katika gridi ile ile ni mgeni wa siku ya tatu anayeendelea kungoja chai. Lakini pia hawezi kuambiwa anyamaze kabisa. Umeme anautumia, na ankara analipia. Jembe analo, hata kama hajalitambua. Anachodaiwa ni kulitambua kwanza, kisha aseme.

Hoja nyepesi inayotolewa mara nyingi kuvitetea vinu ni ile ya mazoea: kwamba kila chombo kipya huonekana kibaya, halafu macho huzoea. Ushahidi wake mzuri uko pwani kwetu. Tanga la jahazi ni mtambo wa upepo. Kabla ya vinu vya Ngong kwa karne nyingi watu wa mwambao walikuwa wakiishi kwa nishati ya upepo, wakiuhesabu mwaka wao kwa kaskazi na kusi: vyombo vikishuka kutoka Arabuni na Ghuba kwa kaskazi, vikirejea kwa kusi. Hakuna mgeni anayefika Lamu akasema kwamba matanga yameharibu bahari. Kinyume chake, bahari isiyo na tanga humwonekea pungufu, na picha anayoipeleka kwao ni ya tanga. Basi, husema watetezi, tuvipe vinu miaka mia.

Hoja hii inavutia, lakini tunaikataa, na sababu ya kuikataa ndiyo kiini cha makala haya. Majahazi yale yale, kwa matanga yale yale meupe, yaliwachukua watumwa kutoka Kilwa kuwapeleka Unguja, hata biashara hiyo ya baharini ilipopigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873. Aliyesimama ufukweni jua likizama aliona tanga likienda, naye aliliona zuri, na macho yake hayakumdanganya. Tanga lilikuwa zuri. Mazoea hayakuligeuza kuwa jema. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi, na maji yenyewe hapa ni kujua nani yumo chomboni. Wazee wetu walifanya vyema kuyatenga maneno uzuri na wema, ingawa waliyaacha yakae karibu hata tukisema fulani ni mtu mzuri msikilizaji hulazimika kuuliza tunakusudia sura au tabia. Mitambo iliyomo katika nchi inatutaka tuulize hivyo kila mara.

Fasihi yetu ina mfano mkongwe wa jambo hili. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaokadiriwa kutungwa kati ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, unayakumbuka majumba ya Pate yalivyokuwa yakimetameta kwa taa hata usiku ukafanana na mchana, kisha unatuonyesha magofu. Mshairi anaitumia nuru kuwa dalili ya fahari ipitayo, na tumewafundisha wanafunzi wetu miaka mingi kuusoma utenzi huo kwa njia hiyo, ya kutafakari kifo na ubatili wa dunia. Usomaji huo ni sahihi. Ila pana swali jingine linaloweza kuulizwa mbele ya taa zile bila kumvunjia mshairi heshima: mafuta yalitiwa na nani? Nuru yoyote ile ina mtu aliyesimama nyuma yake gizani. Maadili ya nishati huanza kwa kumtafuta mtu huyo.

Tumtafute basi katika mandhari mbili za kaskazini na kati. Kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit, vilisimikwa vinu 365 vya kilowati 850 kila kimoja, sawa na vile vya Ngong, vyenye uwezo wa jumla wa megawati 310. Vilikamilika mwaka 2017 vikakaa kungoja waya hadi mwaka 2018, ambapo njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 iliviunganisha na Suswa. Picha za vinu hivyo katika jangwa la mawe ni za kuvutia sana, na mwandishi wa makala haya hajifanyi kuwa hazimvutii. Lakini mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile, ekari zipatazo 150,000, zilipatikana kinyume cha sheria. Katika picha mchungaji huonekana kwa mbali akiwa na ngamia wake, kidogo kama mdudu, mbele ya safu ya minara. Amewekwa pale ili ukubwa wa mnara uonekane. Mhakiki wa fasihi anaitambua mbinu hiyo mara moja: mtu amefanywa mandhari, na mtambo umefanywa mhusika.

Kinangop mambo yalikuwa kinyume. Huko, kwenye mashamba ya wakulima wadogo, ulipangwa mradi wa vinu 38 wa megawati 60.8. Wakulima walikuwa na hofu juu ya ardhi, makao na afya zao. Maandamano ya mwaka 2015 yalisababisha kifo, na mwaka 2016 mradi ukafutwa. Magazetini iliandikwa sana kwamba wenyeji walikuwa wamepotoshwa. Huenda baadhi ya hofu zao hazikuwa na msingi wa kisayansi. Lakini tusomapo tukio lile kama tunavyosoma matini, tunaona wahusika waliokataa kuwa mandhari, na gharama waliyolipa ilikuwa kubwa mno kulinganishwa na lugha ya dharau iliyotumiwa juu yao.

Sasa tushuke hadi kwenye vitu vidogo. Katika miteremko ya Mlima Kenya upande wa Kirinyaga, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vilijengwa vituo viwili vya umeme wa maji, Kathamba na Thima. Cha Kathamba kilikuwa na uwezo wa kilowati 1.1 kwa kaya zipatazo 65. Cha Thima kilowati 2.2 kwa kaya zaidi ya 100. Namna vinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Maji huchepushwa kutoka kijitoni, hupita kwenye chujio, huingia katika bomba linaloteremka, hulizungusha gurudumu lililounganishwa na jenereta, kisha hurudi kijitoni. Kule Thima hata gurudumu halikuwa la kuagizwa maalumu. Ilitumiwa pampu ya maji ya kawaida ikizungushwa kinyumenyume. Mtembezi anayepita kwenye njia za mashamba ya chai na kahawa asingekiona kituo kama hicho. Pengine angeona kibanda chenye paa la mabati, akadhani ni cha kufugia kuku.

Ukigawanya kilowati 1.1 kwa kaya 65, kila nyumba inapata chini ya wati 17. Hiyo ni taa moja au mbili. Hesabu hiyo ndogo ina maadili mazima ndani yake. Aliyeunganishwa na gridi ya taifa akiwasha taa ya kumi hakuna jirani anayejua. Katika mfumo wa wati 17, tamaa ya mmoja ni giza la mwenziwe, na mwenziwe ana jina, na anakaa ng'ambo ya mgomba. Tena kuna chujio. Kila mvua inaponyesha maji huleta majani, vijiti na udongo, na chujio likiziba taa hufifia. Lazima mtu apande asubuhi kwa njia ile ile, jana na leo na kesho, aondoe majani kwa mkono. Yeye naye anatembea mashambani. Kama angeulizwa habari za uzuri wa njia, nadhani angejibu kama yule mama wa mtungi, kwa habari ya jiwe. Lakini pia angejua ndege gani amehama na kijito kimepungua kina kwa vidole vingapi tangu msimu uliopita.

Ni mtu huyu anayetukumbusha kitenzi ambacho uhakiki wetu umekisahau. Kiswahili hakina kutazama peke yake, kina kuangalia. Tunaangalia picha, na tunaangalia mtoto. Ukimwambia jirani, niangalizie nyumba, humwombi aisifu rangi yake. Kitenzi kimoja kimebeba kuona na kutunza, wala wazungumzaji hawaoni ajabu. Anayeondoa majani anauangalia mto kwa maana zote mbili kwa wakati mmoja. Yeye si mtazamaji wa mandhari, wala si mtu aliyezama katika mazingira yake asiweze kuyaona. Amesimama mahali pa tatu, ambapo nadharia zetu za mandhari bado hazina jina lake.

Isifikiriwe kwamba tunauabudu udogo. Mchumi Ernst Schumacher alichapisha mwaka 1973 kitabu ambacho kichwa chake kinadai kuwa kidogo ni kizuri, na shirika alilolianzisha mwaka 1966 kukuza teknolojia za kadiri lilifanya kazi nyingi za maana nchini, pamoja na hizo za Kirinyaga. Lakini udogo si fadhila. Mfereji mdogo waweza kumkausha aliye chini yake kama bwawa kubwa linavyoweza, na ugomvi wa maji miteremkoni haukungoja megawati. Paneli ndogo ya jua iliyoletwa kwa hotuba na utepe, ikaharibika asiwepo wa kuitengeneza, ni uchafu tu juu ya bati, mdogo lakini uchafu. Tunachokipima ni urefu wa njia kati ya mkono unaowasha na mkono unaotunza. Kathamba njia hiyo ni ya kutembea kwa miguu. Kati ya Marsabit na Nairobi ni ya waya, na waya haumwonyeshi mtu lolote alipitalo.

Katika suala hili pampu za upepo zinazoitwa Kijito, zilizoanza kuundwa Thika mwishoni mwa miaka ya 1970, zina somo dogo la kifasihi. Aliyezipa jina hakuutaja upepo wala chuma. Alitaja kile ambacho mtu atakikuta miguuni mwake mtambo ukifanya kazi. Mtambo mrefu unaoonekana kutoka mbali umepewa jina la kitu kinachoonekana kwa karibu tu. Hatujui kama alikusudia hivyo, lakini majina yana akili yake.

Je, miji itawashwa kwa wati 17? Haiwezekani, na haitakuwa haki kuwaambia watu wa Kirinyaga watosheke na taa moja ili sisi wa mijini tupate mfano mzuri wa kuandikia makala. Hili ni pingamizi zito kuliko yote, na hatuna jibu lake kamili. Hospitali inahitaji megawati, na megawati zinahitaji vilima. Tunaloweza kusema ni kwamba umbali, ukishindwa kuondolewa, waweza kujulikana. Mtembezi wa Ngong hawezi kwenda kulisafisha chujio la Kathamba. Anaweza kujua mapanga yale yanazungushwa kwa faida ya nani, ardhi ile ni ya nani, na nyumba zilizo chini ya mlima zina taa au hazina. Akijua hayo mlima hautampungukia uzuri. Utakuwa uzuri wa namna nyingine, wenye watu ndani yake, na wakati mwingine wenye aibu.

Fasihi imekwisha kutuonyesha njia, ingawa si katika lugha yetu. Katika Petals of Blood, riwaya ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1977, watu wa Ilmorog waliokumbwa na ukame wanatoka kwa miguu kwenda Nairobi kumtafuta mbunge wao. Huo si mwendo wa tamasha. Ni mwendo wa watu waliokuwa mandhari ya wengine, wakaamua kwenda kuonekana. Nchi wanayoipita inaelezwa kwa urefu, na msomaji anaiona nzuri na ya kutisha, kwa sababu anaiona kwa miguu yenye kiu. Baadaye barabara kuu inafika Ilmorog, na pamoja nayo unafika unyang'anyi. Mahali ni pale pale, waliobadilika ni waangalizi wake. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hiyo kwa jicho la tabaka na mtaji, na wamesoma vyema. Bado hatujaisoma vya kutosha kama riwaya ya njia.

Kwa upande wa Kiswahili, mwandishi wa makala haya hajapata kuisoma riwaya ambayo mhusika wake mkuu ni mtunza mfereji, au fundi anayepanda mnara wa kinu kwa kamba, au mzee aliyekataa kuuza ekari yake Kinangop. Tunazo riwaya za taa za mji na giza la kijiji, ambamo nguzo ya umeme husimama kuwa ishara ya maendeleo au ya usaliti, kisha hadithi ikaipita. Watahiniwa wetu wa uzamili wanaoleta mapendekezo ya tasnifu juu ya mandhari katika riwaya ya Kenya wangeweza kuanzia kwenye nguzo hiyo, wakaufuata waya wake kwa miguu pande zote mbili, hadi kwenye taa na hadi kwenye maji au upepo unaoiwasha, wakimwandika kila mtu wanayemkuta njiani.